Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyepika maharage siku nne mfululizo

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma nikiwa nimeshajilaza, nikacheka mpaka shemeji yako akauliza kuna nini. "Dada, leo siku ya nne maharage. Mwenzangu hajasema neno, ila amekula nusu sahani akadai ameshiba." Hapo kicheko kikakatika. Ile nusu sahani naijua. Ilibaki mezani kwangu pia, mwaka wa kwanza wa ndoa, na aliyeiacha alikuwa na adabu kama ya wifi yangu: hakulalamika, aliisogeza tu pembeni taratibu akaomba maji ya kunywa.

Nakujibu hadharani kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na kwa sababu wapo wengi waliooana juzijuzi wanaosimama mbele ya jiko na hofu kama yako. Jina lako sijalitaja. Wifi akisoma akajitambua, hilo mtamalizana wenyewe.

Uliandika, "Hela ingekuwepo tungekula vitu tofauti tofauti." Hata mimi nilisema hivyo. Mwezi mmoja tukapata fedha kidogo ya ziada, nikanunua vichupa kumi na kimoja vya viungo, vingine hata majina yake yalinishinda kuyatamka, nikavipanga rafuni kama dawa. Nikapika nyama nikatia karibu vyote. Ikatoka chungu, inanukia kama sanduku la nguo za zamani. Mwaka ulipoisha harufu yote ilikuwa imekwisha, nimebaki na vumbi la rangi rangi, maana kiungo kilichosagwa hakidumu. Ukinunua, nunua kizima na kidogo, ukitwange siku ya kupika, kipite kwanza kwenye mafuta ya moto kabla ya maji. Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Viwili au vitatu vinatosha. Habari ya viungo nimeimaliza.

Shida yangu haikuwa rafu tupu. Nilijua kupika kwa namna moja tu: vyote sufuriani, maji, chumvi, funika, subiri. Kabichi, viazi, nyama, maharage, kila kitu kilipitia mlango huo huo na kikatoka na sura ile ile. Ndivyo unavyopika wewe pia, usibishe, nimekula kwako. Ningepewa hela mara mbili ya ile, ningechemsha vitu mara mbili zaidi. Kwa hiyo usianze kwa kubadilisha unachonunua. Badilisha unachokifanyia ukishakifikisha jikoni.

Chukua kitunguu, kwa sababu hicho hukosi. Kikate vipande vinne sawa ufanye jaribio siku ambayo wifi hayupo. Robo ya kwanza ikaange dakika tano tu, ilainike bila kubadilika rangi: hiyo ni ya supu na mchuzi mwepesi. Ya pili ifikishe rangi ya dhahabu, kama robo saa hivi. Ya tatu iweke kwenye moto mdogo kabisa, uigeuze geuze kwa dakika 40, ikianza kugandia chini unatia tone la maji na kukwangua, mpaka iwe kahawia, nzito, tamu kama imetiwa sukari. Ukiichanganya hiyo na wali mtupu tayari una chakula. Robo ya nne usiipike. Ikate nyembamba, ikamue na chumvi, iminyie ndimu, iache dakika kumi. Kitunguu kimoja kimekupa ladha nne ambazo hata ndugu hazifanani.

Sababu yake ukiijua utaacha kubahatisha. Maji yakichemka hayapandi joto zaidi ya nyuzi 100 hivi, hata uwashe moto mkali kiasi gani. Ule ukahawia na ile harufu inayoita majirani huanza kushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi, pale protini na sukari za chakula zinapokutana kwenye joto. Mfaransa mmoja, daktari na mwanakemia, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyeeleza jambo hilo mwaka 1912, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Maana yake kwako ni ndogo tu: kitu kilichoroa hakiwezi kuwa kahawia. Nyama uliyoosha ukaitia kikaangoni ikiwa bado inachuruzika maji inajichemsha, haikaangiki. Ikaushe kwa kitambaa kisafi. Usijaze kikaango mpaka vipande vinakanyagana; mvuke utakosa pa kutokea na utarudi kule kule kwenye kuchemsha. Kaanga kwa mafungu mawili. Yale mabaki ya kahawia yaliyoganda chini usiyaoshe! Mwagia maji kidogo, kwangua kwa mwiko, huo ndio mchuzi.

Hizo nyuzi 100 zina faida nyingine. Sufuria ikishachemka, moto mkali hauivishi haraka zaidi, unakausha maji tu na kula nishati yako. Punguza, funika. Mimi niligundua hilo baada ya miaka miwili ya kupiga kelele kwamba gesi inaisha mapema. Shemeji yako mpaka leo ananikumbusha.

Sasa maharage, ambayo umeyachafulia jina bure.

Kwanza usalama, maana hili lilinilaza. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana lektini, aina ya protini yenye sumu, na yasipoiva vizuri yanaleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Mimi niliyapika kwa moto wa kubembeleza kuanzia mwanzo, nikidhani najali, tukala yakiwa bado yanagoma kwenye jino. Usiku ule tulipokezana choo. Joto dogo lisilofikia kuchemka haliondoi hiyo sumu, na linaweza hata kuizidisha. Kwa hiyo: loweka angalau saa tano, usiku kucha ni bora. Mwaga maji ya kulowekea. Weka mapya, yachemshe kwa moto wa kutokota kweli kweli angalau dakika 10, mimi huenda mpaka 30, ndipo upunguze moto yaendelee kulainika.

Chumvi utaambiwa inayafanya kuwa magumu. Si kweli, ukitia chumvi kwenye maji ya kulowekea ganda linalainika vizuri zaidi. Yanayogomesha ni nyanya na ndimu zikiingia mapema, na uzee. Maharage yaliyokaa ghalani miaka unaweza kuyachemsha mpaka jogoo awike na bado yakakutazama. Magadi yanalainisha, ndiyo, lakini yanaharibu sehemu ya vitamini B1 na ukizidisha yanaacha ladha ya sabuni. Mimi siyatii.

Kosa lako la siku nne halikuwa kula maharage siku nne. Uliyaunga yote siku ya kwanza! Ukishayaunga kwa nyanya na kitunguu, yamekuwa chakula kimoja, na kesho yake unachopasha ni chakula kile kile kilichochoka. Chemsha mengi kwa chumvi tu. Vikombe viwili vikavu vinakupa karibu vikombe vitano au sita vilivyoiva. Kula ya leo uyaunge kama kawaida. Ya kesho yaponde na kitunguu kile cha dhahabu, tia unga kidogo yashikane, fanya vidonge bapa, kaanga pande zote mbili mpaka yafanye ganda. Siku ya tatu yachuje, yaache ya baridi, changanya na kitunguu kibichi cha ndimu, nyanya iliyokatwa ndogo na tone la mafuta. Yaliyobaki yasage na maji yake, tia karoti na kiazi, ni supu. Nina hakika wifi angemaliza sahani zote nne, na sokoni ungeenda mara moja.

Sharti ni kuyahifadhi. Yakiiva, yagawe kwenye vyombo vidogo vyenye kina kifupi ili yapoe haraka, yaingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu uyaepue, na yaishe ndani ya siku tatu au nne. Zaidi ya hapo yagandishe. Kama friji hamna bado, pika ya siku moja na ubadilishe njia badala ya akiba. Wali ndio unaotaka uangalifu zaidi: kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukilala mezani usiku kucha wakiongezeka hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kiporo cha wali kilichokaa nje, kitupe. Najua inauma. Daktari anauma zaidi.

Nyama nayo, acha kuipa kiti cha mbele. Mnanunua kipande kikubwa mwanzo wa mwezi, mnakila siku mbili kama watu wa sherehe, kisha mnaombolezea wiki tatu. Ifanye kiungo. Nyama ya kujaza kiganja, ikikatwa ndogo na kukaangwa mpaka kahawia, inatosha kuipa kabichi nzima au sufuria ya dengu ladha ya nyama. Na kama hela imeruhusu kuku, nunua mzima. Mara nyingi kilo ya kuku mzima ni nafuu kuliko ya vipande, na kumkata ni suala la kutafuta maungio kwa kidole kisha kisu kipite hapo, si kupigana na mfupa. Kifua siku moja, mapaja siku nyingine. Mifupa yote, hata iliyokwishaliwa, chemsha kwa moto mdogo saa mbili tatu pamoja na vichwa vya karoti na maganda safi ya kitunguu. Wali uliopikwa kwa maji hayo hauhitaji hata mboga nzito pembeni.

Mayai huhitaji dada wa kukufundisha. Viazi vilivyogeuka kijani uvikate pakubwa au uvitupe, na uviweke gizani, mbali na vitunguu.

Jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa ni kuonja. Wewe unaonja mara moja, mwishoni, ukiwa umeshapakua. Onja kila baada ya dakika kadhaa, na ukihisi chakula kimepooza usikimbilie chumvi kila mara. Mara nyingi kinachokosekana ni uchachu: ndimu kidogo, au nyanya, au siki nusu kijiko, inayoingia moto ukishazimwa. Jaribu kwenye dengu, gawa bakuli mbili, moja tia matone ya ndimu, nyingine uiache. Mpe wifi aonje bila kumwambia. Na chumvi ikizidi, usiamini ile hadithi ya kutia kiazi kinyonye. Kiazi kinanyonya maji yenye chumvi kama sponji, mchuzi unaobaki una ukali ule ule. Ongeza maji, au ongeza chakula kisicho na chumvi, au kesho ukifanye supu.

Uliuliza pia kama mnaharibu afya kwa kukosa nyama. Nafaka na maharage vinafidiana: protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vitu vinavyojenga protini, maharage yanayo tele, na si lazima viwe kwenye sahani moja saa ile ile. Madini ya chuma ya kwenye maharage mwili huyapokea vizuri zaidi ukila pamoja na kitu chenye vitamini C, kwa hiyo ile ndimu inafanya kazi mbili. Chai ya kushushia ndiyo inayopunguza. Inywe baadaye, saa moja hivi ikishapita.

Halafu wifi. Umesema hajasema neno. Wewe je, umemuuliza? Sisi tulikaa miezi minane, mimi nikipika kile nilichodhani anapenda, yeye akila kile alichodhani najivunia. Siku moja akaingia jikoni kuchukua maji, akaona nikikatakata karoti, akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba karoti za kuchemsha hajawahi kuzipenda tangu utoto. Miezi minane ya karoti! Mpe kisu. Akate, akae hapo, aseme. Ila usijaribu kumpikia chakula cha mama yake akiwa amesimama pembeni anatazama. Hapo hakuna anayeshinda.

Uliniomba ratiba ya mwezi mzima. Sikupi, kwa sababu ratiba ya mtu mwingine inavunjika siku ya tatu, nyanya zikipanda bei au wifi akichelewa kazini. Nakupa ya kesho tu. Kama unasoma hii kabla ya kulala, inuka. Pima vikombe viwili vya maharage, yachambue mawe, yaoshe, yaweke kwenye sufuria kubwa. Tia maji mpaka yazidi juu kwa upana wa kiganja, maana yatavimba, na kijiko kimoja cha chumvi. Funika. Asubuhi ukishamwaga maji, nipigie kabla hujawasha jiko.

Dada yako