Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuja kujitolea

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Ujumbe wako umenifikia na nimeusoma mara kadhaa. Unasema vijana wa kanisani mmeanza kuchangishana nauli ili likizo ijayo mje huku kwenye kituo cha kulea watoto ninakojitolea, mkae wiki mbili, mcheze na watoto, muwafundishe nyimbo, kisha mrudi. Unaniuliza mlete nini. Nimeamua kukujibu kwa barua ya wazi kwa sababu najua hauko peke yako. Wapo wengi wenye moyo kama wako, na moyo huo naupenda. Lakini jibu langu halihusu mizigo. Nakuomba msije kwa wiki mbili. Kabla hujanikasirikia, nipe nafasi nikusimulie wiki yetu inavyokwenda.

Huku wiki huanza na shuka. Jumatatu asubuhi, watoto wakishaondoka kwenda shule, sisi wa kujitolea tunatandua vitanda vyote. Kukojoa kitandani ni jambo la kawaida kwa watoto waliopitia misukosuko, hata kwa aliyekwisha kufika madarasa ya juu, na huzidi mtoto anapokuwa mgeni au habari mbaya zinapofika kutoka kwao. Mama wa nyumba, yaani mlezi wao wa kudumu, ana utaratibu wake. Katikati ya wiki shuka iliyolowa anaibadilisha mwenyewe, kimyakimya, na Jumatatu zinatanduliwa zote, kavu na mbichi, asiwepo wa kunyooshewa kidole. Kazi yangu ni kufua, kuanika, kuanua na kupiga pasi, na inanichukua hadi watoto wanaporudi. Wapo waliokuja huku bila kuambiwa kwamba kazi ya Bwana ni hii pia, wakahuzunika walipopewa beseni wakati walitarajia kupewa mtoto wa kubeba.

Nataka uelewe maana ya beseni hilo. Mama wa nyumba ana watoto wa kila umri chini ya paa moja. Mmoja ana pumu, mwingine hapati usingizi taa ikizimwa, mwingine ameacha kusema tangu alipoletwa. Kila saa ninayomwondolea mama huyu kwenye kufua ni saa anayoketi na mmoja wao. Yeye ndiye aliyekuwepo mwaka jana na ndiye atakayekuwepo mwaka ujao. Mimi nitaondoka. Nguvu zangu zinamfaa mtoto zaidi zikipitia mikononi mwa mtu asiyeondoka. Hilo ndilo hasa nililotaka kukuambia.

Siku nyingine za kazi zinafanana. Tunaamka kabla ya watoto. Wafanyakazi wana ibada fupi, wimbo mmoja na neno, halafu watoto wanaombewa mmoja mmoja kwa jina, kisha kila mtu na zamu yake: jikoni, uani, kuwasindikiza wadogo shuleni. Jioni kuna kazi za shule, kuoga, chakula, sala, kulala.

Zipo kanuni ambazo mwanzoni zinaweza kukuudhi. Mtu wa kujitolea hakai faraghani na mtoto. Haingii vyumba vya kulala usiku. Hatoi zawadi kwa siri wala hampi mtoto namba yake ya simu. Kabla sijakubaliwa nilitakiwa kuleta cheti cha polisi kuonyesha kwamba sina rekodi ya uhalifu, pamoja na barua za watu wanaonifahamu, na barua ya mchungaji peke yake haikutosha. Ukikuta kituo kisichouliza lolote kati ya hayo, kinachokupokea kwa kuwa tu una nauli na mchango, usikanyage. Mlango uliofunguka kwako kirahisi hivyo umefunguka vilevile kwa mwenye nia mbaya.

Picha nazo zina kanuni. Uso wa mtoto haupigwi ukawekwa mtandaoni, wala kisa chake hakisimuliwi kwa jina. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unalinda faragha ya mtoto katika kifungu cha 16, lakini hata bila mkataba jiulize: mtoto huyu kesho atakuwa mtu mzima anayetafuta kazi au mchumba, na picha yake akiwa analia, na maelezo kwamba alitelekezwa, bado iko kwenye ukurasa wa mtu aliyemwona kwa siku chache. Nani alimpa ruhusa?

Sasa nikueleze jambo linalowavuta wageni wengi, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Ukifika getini, baadhi ya watoto wadogo watakukimbilia. Hawakujui, lakini watakushika mkono, watapanda mapajani, watakwambia wanakupenda. Mgeni hutokwa machozi, husema hajawahi kuona watoto wenye upendo kiasi hiki. Walezi wenye uzoefu wakiliona hilo hupatwa na wasiwasi. Mtoto mdogo mwenye mtu wake wa kudumu humwogopa mgeni kwanza, hujificha, huchungulia, kisha husogea taratibu. Anayejirusha kwa kila anayepita huenda amejifunza kwamba watu wazima huja na kuondoka, basi achukue anachoweza kabla hawajaenda. Na kila kundi linalomzoea kisha likamuaga linamwongezea somo hilohilo.

Haya si maoni yangu tu. Mwaka 1945 daktari René Spitz alichapisha utafiti uliolinganisha watoto wachanga wa aina mbili: waliolelewa katika nyumba ya watoto iliyokuwa safi, yenye chakula na madaktari lakini yenye walezi wachache mno, na waliolelewa gerezani na mama zao waliokuwa wafungwa. Wale wa gerezani walikua vizuri. Wale wa nyumba safi walidhoofika, na wengi walikufa. Mwaka 1951 John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani akisisitiza kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa karibu, wa joto na usiokatika na mama au mtu anayeshika nafasi yake. Kisha kuanzia mwaka 2000, mjini Bucharest nchini Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye vituo. Nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi, yaani familia zinazomlea mtoto asiye wao nyumbani kwao. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kiakili na katika kushikamana na mlezi, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Chakula, dawa na kuta nzuri vina kazi yake, lakini mtoto hukua kwa mtu.

Jumamosi ndiyo siku ninayoipenda, ingawa ndiyo nzito kuliko zote. Ni siku ya ndugu kutembelea. Huenda ulidhani, kama nilivyokuwa nikidhani zamani, kwamba watoto wa vituo hawana mtu. Sehemu nyingi duniani, wengi wa watoto walio katika vituo wana mzazi angalau mmoja aliye hai, na wengi wana bibi, shangazi, wajomba. Wamefikishwa kituoni na umaskini, ugonjwa, ndoa iliyovunjika, mzazi kufungwa, au matumaini kwamba huko watasoma. Kwa hiyo Jumamosi bibi anawasili mapema, amesafiri usiku, amebeba viatu vipya, na viatu havimtoshi mjukuu kwa sababu amekua tangu walipoonana. Bibi anavigeuzageuza mikononi. Mtoto anaona haya. Na kwa kuwa mimi ananiona kila siku na bibi anamwona mara chache, anakuja kujificha nyuma ya sketi yangu.

Hapo ndipo mtu wa kujitolea anapojulikana ni wa namna gani. Ni tamu kuchaguliwa na mtoto. Mama wa nyumba alinifundisha la kufanya: namsalimia bibi kwa heshima mbele ya mtoto, namsifu mtoto kwa bibi yake, nawaletea viti viwili vilivyokaribiana, kisha natafuta kazi jikoni na kutoka. Mara nyingi nikichungulia baadaye, mtoto ameketi karibu naye, wanazungumza. Saa hizo mbili za mazungumzo zina thamani kuliko michezo yote niliyowahi kuwachezesha, maana ndizo njia ya kumrudisha nyumbani. Afisa ustawi wa jamii huandika nani alikuja, mtoto alipokeaje, nyumbani kumebadilika nini. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto unasema umaskini pekee usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Nikimwangalia bibi yule na viatu vyake, naona ukweli wa maneno hayo kuliko nilivyouona kwenye karatasi.

Jumapili tunakwenda ibadani pamoja, tunajaza safu nzima, na watoto huimba kwa sauti zinazonifanya nimshukuru Mungu kwa kuniita huku. Mchana ndipo makundi ya wageni huomba kuja. Zamani wakija, watoto walivalishwa sare, wakapangwa mstari, wakaimba, wakapokea zawadi mbele ya kamera. Uongozi umeliondoa jambo hilo, na nawaunga mkono kwa moyo wote. Siku hizi wageni huonana na viongozi na wafanyakazi, huacha walicholeta stoo, na mama wa nyumba ndiye anayempa mtoto kalamu au blanketi, siku anapolihitaji, kama mzazi yeyote anavyompa mwanawe. Jioni za Jumapili zimetulia tangu hapo.

Usidhani nalishutumu kanisa. Kazi hii ina historia ya watu waliojitoa kabisa. Mhubiri George Müller alianza kupokea yatima mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1836 kwenye nyumba ya kupanga, na kufikia mwaka 1870 alikuwa na nyumba kubwa tano za kutosha watoto zaidi ya 2,000, naye alikataa kumwomba mwanadamu fedha; alimwomba Mungu. Katika miji iliyojaa njaa na kipindupindu, nyumba zile zilikuwa uhai. Imani yake naitamani. Lakini kumfuata mtu wa imani hakutulazimishi kujenga majengo yaleyale. Yakobo, katika sura ya 1 mstari wa 27, anawataja yatima na wajane kwa pamoja, katika dhiki yao, na nimekuwa nikiutafakari mstari huo nikiwa nafua. Mara ngapi tumemchukua mtoto tukamwacha mjane? Tumejenga bweni kwa ajili ya mmoja wakati fedha zilezile zingetosha kuwaweka wote wawili chini ya paa lao. Na Zaburi ya 68 inasema Mungu huwakalisha wapweke nyumbani.

Dunia nayo imeanza kuliona. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na ndani yake nchi zimetakiwa kuzuia madhara yatokanayo na safari za kujitolea katika vituo vya yatima, zikiwemo zile za kitalii. Mwaka mmoja kabla, Australia ilikuwa imepitisha sheria dhidi ya utumwa wa kisasa baada ya uchunguzi wa bunge uliogusa pia watoto wanaoingizwa vituoni ili kuvuta wafadhili. Palipo na wageni wengi wanaolipa, mtu mwovu huona faida ya kuhakikisha vitanda havikai tupu. Nyinyi hamna nia hiyo hata chembe, najua, lakini fedha yenu haichagui inakoingia.

Basi nakushauri hivi. Kaeni kikao, mhesabu nauli mlizochanga za kwenda na kurudi, za watu wote. Halafu mwombe mzee wa kanisa awaonyeshe nyumba ambamo bibi analea wajukuu peke yake, au mjane aliyeanza kufikiria kuwapeleka wanawe kwenye kituo. Ulizeni kinachowashinda. Inaweza kuwa ada ya shule, dawa, paa, au mtu wa kukaa na mtoto mlemavu ili mama atoke kutafuta riziki. Chukueni familia moja, muishike kwa miaka, mkienda kila wiki watu walewale. Msitangaze majina yao.

Wewe binafsi, kama bado unasikia wito wa kuja huku, sitakuzuia. Ila njoo kwa mwaka mzima au zaidi, baada ya kumaliza chuo, ukiwa na ujuzi wa kuwafundisha au kuwasaidia wafanyakazi wa hapa. Uuguzi unahitajika, mazoezi ya viungo kwa watoto wenye ulemavu yanahitajika sana, useremala pia. Anza kujifunza lugha ya huku sasa, maana mama wa nyumba hana muda wa kukutafsiria mtoto anapougua usiku. Na uwe tayari kufua.

Ukilizungumza na mchungaji akaona vema, niandikie, nikutumie fomu za maombi na orodha ya vyeti wanavyotaka, maana cha polisi huchelewa. Wasomee vijana wenzako barua hii kikaoni, na maswali yao unitumie yote, hata ya kunipinga. Mama mwambie mgongo umepona.

Dada yako akupendaye.