Jina lako ni la mhunzi

Mwanangu mpenzi,

Jana uliporudi hukuvua hata viatu. Ulipita moja kwa moja hadi chumbani, ukajifungia. Nilipokufuata ukanieleza kidogo kidogo: mwalimu wa zamu aliita "Schmidt", ukanyoosha mkono, naye akakupita kwa macho akawa anamtafuta Schmidt mwingine nyuma yako. Kisha akakuuliza jina lako halisi ni lipi. Ukanigeukia ukasema, "Mama, hivi hili jina ni langu kweli?"

Nilikukumbatia, lakini sikukujibu. Koo lilinikaba. Sasa mmelala nyote, nami nimekaa hapa mezani jikoni nikujibu kwa maandishi, tena kwa Kiswahili, kwa sababu mambo yaliyo mazito moyoni hayakai sawa nikiyasema kwa Kijerumani.

Schmidt maana yake mhunzi. Mtu anayefua chuma, basi. Halina damu ya kifalme ndani yake, wala halikuanza kwa rangi ya mtu. Lilianza na moshi, nyundo na fuawe.

Miaka 900 au 1,000 iliyopita, watu wengi huku Ujerumani waliitwa jina moja tu: Heinrich, Konrad, Anna. Kijijini lilitosha. Miji ya mto Rhine, kama Köln, ilipoanza kujaa watu katika karne ya 12, karani alijikuta na akina Heinrich kumi kwenye daftari moja la nyumba, madeni na ushuru. Ikabidi awatofautishe. Huyu Heinrich wa mtoni, huyu Heinrich mwenye nywele nyekundu, huyu Heinrich mhunzi. Hebu kumbuka kwetu mtaani: Juma Fundi, Juma Mrefu, Juma wa Bondeni. Hakuna aliyekaa kikao kuyapanga majina hayo. Watu walihitaji kujua ni Juma yupi anayesemwa.

Na hapa ndipo ninapotaka uelewe vizuri. Kila kijiji kilihitaji mhunzi. Bila yeye jembe la kukokotwa halikuwa na ncha, farasi hakuwa na kiatu, mlango haukuwa na bawaba. Lakini kwa kawaida kijiji kidogo kilitosheka na mmoja, kwa hiyo ukisema "Konrad mhunzi" kila mtu alijua unamsema nani. Vijiji vilikuwa maelfu, na kila kimoja na mhunzi wake. Ndiyo maana jina hili halikuzaliwa mara moja na babu mmoja. Lilizaliwa tena na tena, huku na kule, kwa watu wasiojuana kabisa. Akina Schmidt wote hawajawahi kuwa ukoo mmoja. Hakuna Schmidt aliye Schmidt kuliko wewe, na hakuna anayeweza kukuambia humo ndani si kwenu.

Waingereza nao walipita njia hiyo hiyo, kwa neno lile lile. Lugha zao ni ndugu, na neno la mhunzi walilirithi kutoka kwenye lugha moja ya kale: huku likawa Schmidt, kule likawa Smith. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, desturi ya jina la pili ilianza kwa wakubwa, ikashuka taratibu hadi kwa watu wa kawaida. Mwaka 1379 serikali ya mfalme ilitoza kodi ya kichwa, kama ile waliyotozwa babu zetu na wakoloni, na orodha za jimbo la Yorkshire zimebaki hadi leo. Humo mara nyingi kazi ya mtu imeandikwa pamoja na jina lake, na unawakuta akina Smith ambao bado ni wahunzi kweli. Baadaye mtoto wa mhunzi akawa mshonaji, mjukuu akawa mwokaji mikate, jina likabaki pale pale.

Unakumbuka kiangazi kile baba yako alipotupeleka kutazama vitabu vya kanisa vya kijiji cha wazee wake? Wewe ulichoka ukaenda kucheza nje. Mimi nilibaki, nikaona jambo ambalo sijalisahau. Mtu mmoja, yule yule, alibatizwa kama Schmid, akaoa kama Schmitt, akazikwa kama Schmidt. Wino umepauka ukawa rangi ya chai, herufi ya mwisho ina mkia mrefu uliojikunja, na kila mchungaji ameandika alivyosikia. Tahajia ilikuja kukazwa baadaye, hasa baada ya mwaka 1876, ofisi za serikali za kuandikisha vizazi, ndoa na vifo zilipoanza kazi Ujerumani nzima. Kwa hiyo hata ile "dt" unayoitajia watu herufi kwa herufi kwenye simu ni ya karani fulani tu aliyekuwa na kalamu siku hiyo.

Ukisafiri utaliona likibadilika sura kadiri ya mahali. Pande za Köln utasikia Schmitz. Kusini, Bavaria, Swabia na Uswisi, ni Schmid. Uholanzi ni Smit, na Ubelgiji utawakuta akina De Smet. Walioifua shaba waliitwa Kupferschmidt, wa dhahabu Goldschmidt, wa visu Messerschmidt. Na katika karne ya 16 wasomi waliopenda Kilatini walijigeuza wakawa Faber au Fabricius, ambalo bado ni uhunzi ule ule uliovaa joho.

Kisha likavuka bahari. Kuanzia mwaka 1683, familia za Kijerumani zilipojenga makazi yao Germantown huko Pennsylvania, maelfu kwa maelfu waliwafuata, na wengi walioondoka Schmidt wajukuu wao wakawa Smith. Wengine walibadilisha ili wasisumbuke kutaja herufi. Wengine walibadilisha kwa hofu, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale jina la Kijerumani lilipomfanya mtu atazamwe vibaya dukani. Hata mfalme wa Uingereza, George wa Tano, mwaka 1917 aliliacha jina la Kijerumani la nyumba yake akachukua Windsor. Ona basi, mwanangu, waliowahi kuulizwa "jina lako halisi ni lipi" ni wengi, na wengine walikaa kwenye kiti cha enzi.

Leo Smith ndilo jina la ukoo linaloongoza Marekani. Sensa ya mwaka 2010 iliwahesabu zaidi ya milioni 2.4, na karibu robo yao ni Wamarekani Weusi. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, waliokuwa watumwa walihitaji kuandikwa kwa jina kamili. Wengine walibaki na la bwana aliyewamiliki, wengine walijichagulia wenyewe. Nakuandikia hili polepole, maana ni zito: jina moja linaweza kuwa jeraha kwa huyu na uhuru kwa yule, na wote wawili wanaitika likiitwa.

Wala sitakuficha kwamba jina lako lilifika pwani yetu na bunduki. Miongoni mwa maafisa wa Kijerumani waliopigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, mwaka 1889 alikuwamo mmoja aitwaye Rochus Schmidt. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo, na Schmidt huyo baadaye akaandika historia ya vita hivyo akiviita uasi. Kama nilivyokuambia, akina Schmidt si ukoo mmoja, kwa hiyo dhambi zake si zako. Ila ukikutana naye kwenye kitabu usishtuke, ujue mama yako alikuwa anamjua.

Sasa njoo upande wangu. Mimi nimezaliwa Mshana, unalijua hilo, lakini sijawahi kukueleza jina hilo ni la kazi gani, na hapo nilikosea. Katika Upare ya Kaskazini, Washana ni ukoo wa wahunzi. Walikusanya mchanga wenye chuma, wakauyeyusha kwa mkaa huku vijana wakivuta mivukuto bila kupumzika, wakafua majembe, mikuki na shoka. Chuma cha Ugweno, huko huko Upare ya Kaskazini, kilipanda hadi Uchagani, kikafuliwa huko. Wazee wanasema Washana ndio waliotawala Ugweno kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua. Utawala ulikwenda, nyundo ikabaki kwetu.

Tofauti ni kwamba Mshana ni ukoo, una mizizi yake na wazee wake, wakati Schmidt ni kazi iliyogeuka jina mahali pengi. Lakini baba yako aliponiuliza maana ya jina langu, mara ya kwanza tulipokunywa kahawa pamoja, nikamwambia, aliweka kikombe chini akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi tunatoka kwenye karakana moja." Nadhani siku hiyo ndipo nilipomkubali.

Kwa hiyo swali lako la jana jibu lake ni hili: jina ni lako kwa baba, na kazi iliyomo ndani yake ni yako pia kwa mama. Jumatatu nitakwenda shuleni kuzungumza na mwalimu wako wa darasa. Nitakwenda kwa upole, usiogope, wala huhitaji kuwepo.

Na mwezi wa Juni tukifika Usangi, mwambie babu akuonyeshe nyundo iliyo juu ya kabati lake. Mpini alishaubadilisha, lakini kichwa ni kile kile cha babu yake, kimeliwa upande mmoja kwa kupiga. Ni kizito kuliko kinavyoonekana. Ukipokee kwa mikono miwili.

Mama yako