Uso laini wa grafu utokane na hesabu, usitokane na rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengi huenda likaonekana dogo, lakini sisi tunaofundisha hisabati linatugusa kila wiki. Ni michoro ya nyuso zenye vipimo vitatu, yaani ile inayotolewa na programu za kompyuta ili kuonyesha jinsi kimo z kinavyopanda na kushuka kadiri x na y zinavyobadilika. Michoro hiyo imejaa katika vitabu vya kiada, katika tasnifu za wanafunzi na hata katika kurasa za sayansi za magazeti, na mingi kati yake huchapishwa ikiwa na magamba kama ya samaki, kingo zenye meno ya msumeno, na mistari myeupe ambayo haimo kabisa katika fomula iliyochorwa.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la mwanafunzi wangu mmoja. Aliniletea kitabu chenye mchoro wa nusu tufe, ambao fomula yake ni z = √(1 − x² − y²), akaniuliza ni kwa nini sehemu ya chini ya umbo lile, mahali linapokalia sakafu, ina meno, ilhali fomula inasema pale pana duara. Alikuwa ametumia jioni nzima akiyatafuta meno hayo ndani ya fomula. Hayamo. Programu ilikuwa imegawa mraba unaoanzia −1 hadi 1 katika vyumba vidogo vya mraba, ikapiga hesabu ya kimo katika kila kona ya chumba, na kila ilipokuta namba hasi chini ya kipeuo cha pili ikaitupa kona hiyo pamoja na vyumba vyote vinavyoigusa. Vilivyobaki ni vyumba vizima peke yake, na vyumba vya mraba, hata ukivipanga vipi, haviwezi kufuata duara bila kuacha ngazi. Mwanafunzi yule aliusoma mchoro kwa uaminifu, na mchoro ndio uliompotosha.

Dawa ya kasoro hii haikuhitaji kompyuta kubwa zaidi. Ilihitaji mchoraji auulize uso wenyewe unapenda kutembelewa kwa njia gani. Tufe hutembelewa kwa pembe: weka x = sin t · cos u, y = sin t · sin u na z = cos t, kisha t iende kutoka 0 hadi π/2 na u izunguke kutoka 0 hadi 2π. Ukiugawa mzunguko huo katika sehemu 80 tu, ukingo wa chini unakuwa na pande 80, na mahali unapoachana zaidi na duara la kweli tofauti haifiki sehemu 1 katika 1,000 ya nusukipenyo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kwenye karatasi. Wako wanaotumia nusukipenyo r chenyewe badala ya pembe t, wakikigawa kwa hatua 40 zilizo sawa. Meno yanaondoka, ni kweli, lakini karibu na ukingo uso unateremka kwa ukali usio na kikomo, kwa hiyo mkanda mmoja wa mwisho, kutoka r = 0.975 hadi r = 1, unabeba zaidi ya sehemu 1 katika 5 ya kimo chote, na tufe linaonekana limekatwa kwa kisu pale chini. Pembe t inazisogeza nukta zenyewe kuelekea mahali palipo na mteremko mkali, na hapo ndipo zinapohitajika.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo watu wengi hawaambiwi wanapokabidhiwa programu hizi. Kompyuta haichori uso wowote. Inapiga hesabu ya nukta chache, inaziunganisha kwa vipande bapa vya pembetatu au pembenne, na vipande hivyo ndivyo tunavyoviita uso. Programu ya Gnuplot, usipoiagiza vinginevyo, huweka mistari 10 tu kila upande, na ndiyo maana milima yake ya kwanza hufanana na mahema; amri ya set isosamples ndiyo inayoiongeza. Programu nyingine, Matplotlib, ina tabia ambayo imewasumbua wanafunzi wangu wengi: hata ukiipigia hesabu nukta 500 kwa 500, amri yake ya plot_surface huzichuja mpaka zisizidi 50 kila upande, isipokuwa umeviongeza mwenyewe vikomo vyake, rcount na ccount. Nimewaona vijana wakiongeza nukta mara kumi, wakisubiri, wakitazama picha isiyobadilika hata kidogo, na kuamua kwamba ulaini hauwezekani. Mathematica hujitahidi zaidi, kwa kuwa Plot3D huongeza nukta yenyewe mahali uso unapopinda, ingawa nayo hukosea ikiwa nukta za mwanzo ziliruka bonde zima.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua yangu. Kuna njia mbili za kuufanya uso uonekane laini, nazo hazilingani kwa thamani. Ya kwanza ni kupiga hesabu ya nukta zaidi, au kuzipanga vizuri zaidi, kama nilivyoeleza. Ya pili ni kuviacha vipande vilivyo bapa jinsi vilivyo na kulainisha rangi peke yake. Njia hii ya pili ina historia ya heshima. Mwaka 1971 Henri Gouraud, akiwa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, alionyesha jinsi ya kupima mwanga kwenye kona za kipande na kuueneza polepole ndani yake ili mshono kati ya kipande na jirani yake usionekane, na baada yake, katika chuo hichohicho, Bui Tuong Phong akaiboresha kwa kueneza mwelekeo wa uso wenyewe badala ya kueneza mwanga. Katika programu za MATLAB na Octave maneno mawili tu, shading interp, huondoa mistari ya wavu na kuyeyusha rangi ya kila kipande ndani ya kinachofuata. Ukitaka kujua kama uso umelainishwa kwa rangi pekee, usitazame tumbo lake, tazama ukingo wake unapokutana na anga jeupe la karatasi: tumbo litakuwa laini kama yai, na ukingo utakuwa na pembe.

Sipingi rangi. Ninachopinga ni kuitanguliza kabla ya hesabu, na naomba wasomaji wako wajaribu wenyewe mfano ufuatao. Chora z = sin(x² + y²) kwa x na y kutoka −10 hadi 10, ukitumia nukta 50 kila upande. Uso wa kweli ni mawimbi ya duara yanayotoka kwenye kitovu kimoja, na kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo yanavyobanana. Picha utakayoipata ina kitovu kimoja cha kweli na vingine 8 vya uongo vilivyokizunguka, kila kimoja na pete zake, vikiwa vimepangwa kwa safu zilizoachana kwa takriban 7.7 upande wa x na upande wa y. Ukiitia picha hiyo rangi laini, inapendeza kiasi cha kuwekwa kwenye jalada la kitabu.

Chanzo chake ni hesabu ya kawaida. Nukta 50 zinaacha hatua ya takriban 0.41 kati ya moja na nyingine, na karibu na x = 10 urefu wa wimbi ni takriban 0.31 tu, kwa hiyo programu inaruka wimbi zima na zaidi kabla ya kuweka mguu chini tena, kisha inaunganisha nyayo zake kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Kanuni ambayo mwanahisabati Claude Shannon aliithibitisha katika makala yake ya 1949 inataka zaidi ya nukta 2 kwa kila wimbi. Hapa maana yake ni hatua iliyo chini ya 0.157, yaani nukta zisizopungua 129 kila upande, na hizo zinatosha kufukuza vitovu vya uongo bila kuleta ulaini. Jicho huridhika panapokuwa na nukta kama 10 kwa wimbi, na kwa uso huu ni nukta 640 kila upande, jumla 409,600. Ukiongeza nukta mara mbili kila upande kazi inakua mara nne, na hilo nalijua, lakini kompyuta ya mezani ya leo humaliza hesabu hiyo ndani ya muda mfupi, na hakuna sababu ya msomaji kupewa pete za uongo ili mchoraji aokoe muda huo.

Kinyume chake, zipo nyuso ambazo hazistahili kulainishwa. Chukua z = xy/(x² + y²). Ukiikaribia nukta ya katikati, yaani x = 0 na y = 0, kwa njia ya y = x kimo ni 1/2 mpaka mwisho, na ukiikaribia kwa y = −x kimo ni −1/2 mpaka mwisho, kwa hiyo pale katikati hapana kimo chochote. Mchoro uliopakwa rangi hadi ukalainika unaweka pale kijia kizuri cha kuvukia, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba uso unaendelea. Hali ni hiyohiyo kwa vipimo vilivyokusanywa nje, kama kina cha maji au joto la udongo, ambavyo programu huvijazia mapengo kwa mikunjo laini: mkunjo unaweza kupanda juu ya kipimo kikubwa kuliko vyote vilivyochukuliwa, na msomaji akadhani kilele kile kiliwahi kupimwa.

Watu walihangaikia ulaini wa nyuso kabla ya kompyuta. Katika miaka ya 1870 wanahisabati Felix Klein na Alexander von Brill, wakiwa Munich, Ujerumani, waliwasimamia wanafunzi wao kufinyanga nyuso za hisabati kwa plasta, na mwaka 1893 Klein alifika na modeli za aina hiyo kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Mojawapo ya nyuso mashuhuri katika modeli hizo ni ule wa mwanahisabati Clebsch, wenye mistari 27 iliyonyooka inayolala juu yake. Mfinyanzi wa plasta hakuweza kulainisha mahali asipopaelewa, kwa sababu kila mstari ulipaswa kunyooka mahali pake. Nakiri kwamba ninawaonea wivu wanafunzi wale walioweza kuupitisha mkono juu ya uso.

Kuhusu uchapaji nitasema machache, kwa kuwa ndiko gazeti lako linakohusika moja kwa moja. Ile mistari myeupe myembamba inayokatiza uso mara nyingi huzaliwa pale mchoro unapohifadhiwa kama PDF ya vipande vingi, kila kipande kikilainishiwa kingo zake peke yake mpaka karatasi ya nyuma inachungulia kwenye mishono. Ni heri uso wenyewe uhifadhiwe kama picha ya PNG yenye nukta 300 kwa inchi, ambayo kwa upana wa sentimita 15 ni kama pikseli 1,772, na JPEG iachiwe picha za kamera, kwa maana inachafua kingo kali na maandishi ya mihimili. Jambo la rangi lina uzito zaidi. Mpangilio wa upinde wa mvua, ule unaoitwa jet, una buluu nzito mwisho mmoja na nyekundu nzito mwisho mwingine. Ukichapishwa kwa wino mweusi pekee, bonde na kilele vinatoka na kijivu kinachokaribiana, na hakuna msomaji awezaye kuvitenganisha. Mpangilio wa viridis, ambao Matplotlib iliufanya wa kawaida katika toleo la 2.0 la mwaka 2017, unang'aa zaidi kadiri kimo kinavyopanda, na maana yake haipotei hata bila rangi.

Kwa hiyo nakuomba wewe, Ndugu Mhariri, na kupitia kwako wachapishaji wa vitabu vya kiada, kwamba chini ya kila mchoro wa namna hii yaandikwe mambo matatu: fomula, mipaka ya x na y, na idadi ya nukta zilizopigiwa hesabu. Ni mstari mmoja wa maandishi madogo. Pia, kabla ya mchoro kupelekwa mitamboni, yule aliyeuleta aombwe auchore tena kwa nukta mara mbili kila upande. Picha mbili zikifanana umbo, ichapishwe iliyo laini zaidi. Pete ikiongezeka au kutoweka, kilele kikihama au ukuta ukizuka, mchoro urudi kwa mwenyewe.

Nusu tufe la mwanafunzi wangu tumelichora upya kwa nukta 41 kwa 81, na amri zake hazizidi mistari mitano. Nimeliambatisha na barua hii, likiwa na maelezo yake chini, ukipenda kulichapisha.

Wako,
Mwalimu wa Hisabati