Sauti haitoki kwenye kadi ya USB? Usikimbilie kupiga Windows upya

Jumamosi iliyopita mama mmoja alirudisha kadi ya sauti ya USB, kile kifaa kidogo cha kuchomeka hedifoni na maikrofoni, tuliyomuuzia siku mbili kabla. Akaiweka kaunta pamoja na risiti, akasema mbele ya wateja wengine, "Mmeniuzia feki." Nikamwomba laptopu, nikaichomeka. Taa ya kadi ikawaka, muziki ukaendelea kulia kwenye spika za laptopu. Nikabonyeza alama ya spika pale chini kulia, nikachagua jina la kadi, hedifoni zikaanza kuimba. Haikufika dakika moja. Ila mama alikuwa ameshawaambia nduguze kwamba sisi ni matapeli, na hilo limeniuma.

Malalamiko ya namna hii yanatufikia kila wiki. Wateja wetu, mashine kuitambua kadi ni jambo moja, na kupeleka sauti huko ni jambo jingine. Mara nyingi kadi ikichomekwa kwa mara ya kwanza, Windows huhamishia sauti huko yenyewe. Lakini mtu akirudisha sauti kwenye spika za laptopu huku kadi bado imechomekwa, mashine inalikumbuka chaguo hilo. Kesho ukichomeka, haihami.

Halafu kuna kuhamisha tundu. Kadi nyingi za bei ya chini hazina namba yake ya utambulisho ndani, kwa hiyo ukiitoa tundu la kushoto ukaiweka la kulia, Windows inaiona ni kadi mpya. Ndiyo maana kwenye orodha unakuta jina lilelile limetanguliwa na "2-" au "3-". Mipangilio yote uliyoweka jana imebaki kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo ushauri wa mtaani wa "jaribu tundu lingine" unaweza kuzidisha tatizo.

Balaa kubwa ni kupiga Windows upya. Kwaya moja ilikuwa na miksa ya USB iliyogoma Jumapili asubuhi, baada ya projekta kuunganishwa kwa waya wa HDMI. Sauti ilikuwa imehamia kwenye projekta, basi. Kijana wao akaifomati laptopu, yaani akafuta diski yote na kuweka Windows upya. Rekodi za mazoezi za miaka miwili zilikuwa kwenye diski hiyohiyo. Walipotuletea tulikesha siku mbili tukirejesha mafaili, na mengine hayakupatikana. Sauti yenyewe? Bado ilikuwa inakwenda kwenye projekta.

Wengine wanapakua programu za "kusasisha draiva", yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Kadi hizi za kawaida hutumia draiva iliyomo tayari ndani ya Windows, na anayekuuzia draiva yake anakuuzia kitu ulicho nacho.

Sasa bei. Kurekebisha tatizo hili tunatoza shilingi 10,000, na wapo wanaosema ni nyingi kwa "kubonyeza tu". Hatubonyezi tu. Tunafuta majina ya zamani kwenye orodha, tunapanga kifaa cha muziki na kifaa cha simu za mtandaoni kila kimoja peke yake, tunafungua Zoom kwa sababu nayo ina chaguo lake la spika na maikrofoni. Kisha tunachomeka na kuchomoa mara tatu, tunazima, tunawasha, tunarudia. Mwisho tunaweka tone la rangi ya kucha kwenye tundu moja: hapo ndipo kadi yako itakaa siku zote.

Wanaotumia Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows) yenye PulseAudio, programu inayosimamia sauti, tunawawekea kipande chake kiitwacho module-switch-on-connect kwenye faili la /etc/pulse/default.pa, ili kifaa kikichomekwa tu sauti ihamie. Studio ndogo moja tuliiwekea hivyo, hawajarudi na tatizo hilo tena.

Aliyenunua kwetu hatumtozi, aje tu na risiti. Na tafadhali njoo na laptopu yenyewe na chaja yake, usilete kadi peke yake. Yule mama aliondoka na kadi yake ileile, na tundu lake sasa lina tone jekundu.