Barua kwa Mama Nasra: mafuta ya bata si kosa la kopo

Muheza,
14 Juni 2025

Shoga yangu Mama Nasra,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mvua imepungua na kusi limeanza kuvuma. Barua yako niliipata Jumatano nikaisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama shoga yako, nikaumia kwa hasara uliyoipata hoteli iliporudisha bata wako weupe kwa kuwa wana mafuta mengi. Mara ya pili niliisoma kama afisa mifugo, nikaona kuna mtu ameonewa: kijana wako wa bandani, uliyemfukuza ukisema anawapimia bata chakula kupita kiasi. Ningekupigia simu, ila kwenye simu ungenikatiza, nami nataka unisikilize mpaka mwisho.

Kijana huyo yuko hapa kwa bibi yake. Juzi alipita kunisalimia, na hakukusema vibaya hata kidogo. Nilimuuliza bata walikuwa wakila nini. Akaokota kopo la rangi lililokuwa uani kwangu, akanionyesha kwa kidole: pumba na mahindi ya kuparaza mpaka hapa asubuhi, jioni mpaka hapa, na machicha ya nazi siku mliyopika wali. Nikamuuliza, na wale wa kienyeji, wenye nyama nyekundu usoni? Akajibu, "Kihori ni kimoja, mama. Wanakula pamoja."

Basi nikuulize wewe. Kama kopo ni moja na kihori ni kimoja, mbona hoteli imerudisha weupe tu kwa kuwa wana mafuta mengi, na wale wa kienyeji ikawachukua wote?

Nisije nikaonekana namtetea kwa maneno matupu, Ijumaa nilichinja wawili wa kwangu, mweupe mmoja na wa kienyeji mmoja, waliokula pamoja tangu vifaranga. Nilipomtia kisu yule mweupe, ngozi yake ilikuwa nene kama godoro la mtoto, na chini yake utando wa mafuta ya rangi ya samli. Tumboni, kuzunguka firigisi na kushuka hadi mkiani, palikuwa na bonge la mafuta lililonijaa kiganjani. Yule wa kienyeji ngozi yake ilikuwa nyembamba, nyama yake nyekundu kama ya mbuzi, na mafuta ya tumboni ningeweza kuyabana kwa vidole viwili. Chakula kimoja, maji mamoja, banda moja. Kilichotofautiana ni nasaba.

Hao wetu tunaowaita wa kienyeji asili yao ni Amerika, kuanzia Mexico kushuka kusini. Ni ndege wa joto, wa kulala juu ya miti, wasio na safari ndefu. Weupe ni uzao wa bata mwitu wa kaskazini, ambaye dume lake lina kichwa cha kijani. Huyo baridi ikikaza huhama masafa marefu, na petroli yake ni mafuta aliyojiwekea mwilini kabla ya kuondoka. Wachina wakamfuga, vizazi kwa vizazi wakawa wanabakiza wale wazito na wanaonona upesi, maana kule Beijing bata wa kuoka asiye na mafuta hana thamani. Yale mafuta ya chini ya ngozi huyeyuka motoni, yakaipaka ngozi yenyewe mpaka ikavunjika mdomoni kama kachiri. Kwa hiyo bata wako leo hawezi hata kuruka ukuta wa ua, lakini bado anajiwekea akiba ya msafiri, tena kuliko babu yake.

Mwilini mambo huenda hivi. Ng'ombe hutengeneza mafuta yake humohumo kwenye seli za mafuta. Ndege yeye kiwanda chake ni ini. Wanga wa mahindi ukizidi, ini huugeuza kuwa mafuta, kisha huyafunga vifurushi vidogo na kuyapeleka kwa damu hadi chini ya ngozi na tumboni, ambako seli za mafuta huyapokea na kuvimba. Kila hatua ina jeni zake, yaani maagizo ya mwili yanayorithiwa kwa wazazi: za kutengeneza, za kufunga mzigo, za kuupokea. Iko moja, PPARG, ambayo kazi yake ni kuziamuru seli changa ziwe seli za mafuta. Bata mweupe ini lake ni hodari wa kuusafirisha mzigo, ndiyo maana unaukuta kwenye ngozi. Yule wa Amerika akishindiliwa chakula, mafuta mengi hubaki ndani ya ini lenyewe. Wafaransa wameifanyia biashara tofauti hiyo: hupandisha dume la Amerika kwa jike jeupe, wakapata chotara tasa, aitwaye bata nyumbu kwa kuwa hazai, kama nyumbu wa punda na farasi. Humlisha kwa nguvu mpaka ini linavimba, na ini hilo huuzwa ghali. Mimi roho yangu haikubali kumshindilia mnyama hivyo, lakini somo la nasaba limo.

Mwaka 2018 wataalamu wa Uchina walitoa matokeo ya kazi moja ambayo naipenda sana. Walipandisha bata mwitu na hawa weupe, kisha wakazalisha wajukuu 1,026 na kumpima kila mmoja. Wakaikuta jeni iitwayo IGF2BP1. Kwa bata mwitu hufanya kazi angali kwenye yai, akishaanguliwa inazimika. Kwa mweupe haizimiki, inaendelea kumkuza. Jeni hiyo peke yake huongeza mwili kwa asilimia 15, na chakula kinatumika vizuri zaidi kwa asilimia 6. Hiyo ni ya ukubwa. Mafuta hayana jeni moja ya kuishika na kusema ndiyo hii. Ni nyingi, kila moja inavuta kidogo. Lakini yanarithiwa, na kwa kiasi kizuri, na hapo ndipo wewe na mimi tuna la kufanya.

Sikatai kwamba chakula kina sehemu yake. Pumba, mahindi na machicha vimejaa nguvu lakini protini ni haba, na bata akikosa protini hawezi kujenga nyama, basi ile nguvu inageuka mafuta. Ongeza dagaa na mashudu. Lakini chakula hicho ulikinunua wewe, shoga yangu, kijana alipima tu. Tena kuna hili: kidari cha bata huchelewa. Wiki za mwanzo hukua miguu, kidari huanza kujaa kuanzia wiki ya tano hivi. Wewe ulisubiri wiki kumi ili kidari kijae, na mafuta nayo yakasubiri pamoja nawe. Weupe wachinje wakiwa na wiki saba.

Kubwa zaidi ni kuchagua mbegu. Wazalishaji wakubwa, Uchina na hata Uingereza, wamefanikiwa kupata koo za bata weupe wenye kidari kikubwa na mafuta machache, na baadhi yao huwapima hai kwa mashine ile ya kuwapimia wajawazito. Sisi hatuna mashine, ila tuna ndugu wa bata. Mafuta ya tumboni huyaoni bata akiwa hai, lakini ukimchinja kaka yake utayaona, na ndugu hufanana. Chukua vifaranga wa kila jike, uwatie alama kwa kutoboa tundu dogo kwenye utando wa mguu: jike la kwanza mguu wa kulia, la pili wa kushoto, la tatu yote miwili. Wiki ya saba chinja wawili au watatu wa kila mama, upime mafuta ya tumboni kwenye mizani. Familia yenye mafuta machache na kidari kinene, humo ndimo utakamotoa dume na majike ya kubakiza. Ile yenye mafuta mengi uza yote, tena usiitupe bei: ipeleke kwenye mikahawa ya Wachina Dar es Salaam, wao wanayatafuta mafuta hayohayo uliyorudishiwa. Fanya hivyo vizazi vitatu, vinne, na dume usilirudishe kwa binti zake.

Sasa, ili uchague hivyo ni lazima ujue nani mtoto wa nani. Nilimuuliza kijana, nikidhani atanitazama tu. Akaniambia majike yako sita meupe alikuwa akiyafungia usiku kila moja kwenye tenga lake, kwa kuwa bata hutaga alfajiri, na kila yai alilitia alama ya mkaa kabla ya kuliweka chini ya bata wa kienyeji wa kuatamia. Akanitajia kuwa jike lile lenye mdomo uliopasuka watoto wake huwa wembamba wa tumbo. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nimekaa darasani miaka mitatu kujifunza jambo hilo.

Mshahara wake wa Mei bado hujampa, nami nimemwambia asiende kutafuta kibarua kwenye mkonge mpaka nipate neno lako. Ukikubali arudi kazini, nitumie nauli, nimpandishe basi la Jumatatu asubuhi. Nitampa na mizani yangu ndogo, ila uichunge, ni ya ofisi.

Wasalimie wanangu wote, na Nasra mwambie kanga yake ipo.

Ni mimi shoga yako,
Mama Faki