Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Usonji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usonji Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi, Daktari wetu ambaye ni Mganga Mkuu wa Jiji la Tanga, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule na wajumbe wako, walimu wetu wa kitengo cha watoto wenye usonji, mama zetu wa jikoni, wazazi wenzangu, na ninyi wanetu mliokaa kule chini ya mwarobaini kwa kuwa spika zinawaumiza masikio: Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na hamjambo nyote.

Tunakushukuru kwa kuja. Siku hii ya tarehe 2 Aprili ilipitishwa na Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 2007, ikaanza kuadhimishwa 2008, na miaka yote hapa shuleni tumeitumia kueleza usonji ni nini: hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto awasiliane, ahusiane na watu na ahisi mambo kwa namna tofauti. Safari hii wazazi tulikaa kikao tukakubaliana kusema jambo moja ambalo huwa tunanong'onezana getini tunaposubiri watoto watoke. Jambo hilo ni uzito wa wanetu.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Huku kwetu mtoto akinenepa anasifiwa. Jirani atakwambia, "Mashallah, mwanao ana afya siku hizi." Neno afya tumeligeuza likawa jina la unene, na mama aliyelaumiwa miaka yote kwamba hamlishi mwanawe akisikia hivyo moyo unamtulia. Nami ulinitulia. Niruhusu nieleze ya nyumbani kwangu, kwa ridhaa ya baba yake.

Mwanangu ana miaka 12. Alipokuwa mdogo alikuwa mwembamba, mbavu zinahesabika. Alikula vitu vitatu tu: wali mkavu usioguswa na mchuzi, mkate mweupe, na chipsi za kibanda kimoja hapa Ngamiani. Muuzaji akibadilisha mafuta, mtoto alijua kwa harufu kabla sahani haijatua, na siku hiyo hali. Mlenda ukivutika kwenye kijiko, yeye anatapika. Watu wakasema anadeka. Tumekuja kujifunza kwamba Leo Kanner, daktari aliyeandika mwaka 1943 kule Marekani habari za watoto 11 na kuutambulisha usonji kwa madaktari wenzake, tangu siku hizo aliandika pia taabu za watoto wale katika kula. Ulimi wa mtoto mwenye usonji, pua yake, hata ngozi ya midomo yake, vinaweza kuhisi kwa ukali ambao sisi hatuujui, na mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani umeliingiza jambo hilo waziwazi tangu 2013.

Sasa tazama vyakula vinavyopita kwenye ulimi huo. Biskuti ya paketi ya leo ni ile ile ya jana. Embe la leo tamu, la kesho chachu, la keshokutwa lina nyuzi zinazong'ang'ania meno. Kwa mtoto anayeteswa na mabadiliko, kiwanda ni mwaminifu kuliko mwembe. Ndiyo maana wengi wao huangukia unga mweupe, mafuta na sukari, na mzazi anayeogopa mtoto asilale na njaa anampa anachokubali. Si wote wanaonenepa. Humu kitengoni wapo waliokonda kwa sababu hiyo hiyo ya kuchagua chakula, nao tusiwasahau. Lakini walio wengi kati ya wale wanaotutia wasiwasi ni wa upande wa pili.

Mwanangu alipofika miaka minane alianza kujigonga kichwa ukutani na kujing'ata kifundo cha mkono mpaka damu. Katika hospitali moja alianzishiwa risperidoni, dawa ya kutuliza hasira na kujiumiza. Dawa ile siwezi kuisema vibaya, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuwa ilinirudishia mwanangu. Aliacha kujigonga, nasi tukalala. Ila baada ya wiki chache nikawa namkuta jikoni saa nane za usiku, amefunua sufuria, anakula wali wa kiporo kwa mikono miwili. Kaptura ya shule haikumaliza muhula. Siku anaanza dawa hakuna aliyempima uzito, na hakuna aliyeniambia neno njaa. Kama ningeambiwa ningejipanga: ningepika kingine, ningefunga kabati, ningemzoesha kutembea mapema.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba jambo hili lilikuwa limeandikwa zamani. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2002, lenye watoto 101, waliotumia risperidoni waliongezeka wastani wa kilo 2.7 kwa wiki 8 tu, na waliopewa kidonge kisicho na dawa waliongezeka kilo 0.8. Wapo pia wenzangu ambao watoto wao wana kifafa pamoja na usonji na wanatumia valproeti, dawa ya kifafa, nayo huongeza uzito. Wazazi wenzangu, nawasihi hapa hapa mbele ya Daktari: asiwepo atakayekwenda nyumbani leo akatupa dawa ya mtoto. Kuacha ghafla kuna hatari yake. Tunachodai ni kupimwa na kuelezwa.

Dawa na chakula si mwisho wa habari. Mtazameni mtoto wetu wakati wa mapumziko. Wenzake wanacheza rede, wanacheza kidali po, jioni mtaani wanacheza kombolela. Michezo hiyo yote ina kelele, ina kusukumana, ina sheria ambazo hakuna anayezisema bali kila mtoto anazijua tu. Wetu anakaa pembeni anazungusha kifuniko cha chupa. Akirudi nyumbani mlango unafungwa kwa kufuli, maana akitoka hajui pikipiki wala haogopi maji, na mama ana kazi zake. Anapewa simu. Inapita siku nzima hajakimbia hata hatua ishirini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku, na safari hiyo liliwataja wazi watoto wenye ulemavu kuwa nao wamo. Usiku nao hawalali vizuri, na mwili uliokosa usingizi hutaka kula zaidi.

Halafu kuna pipi. Hili tunalisema kwa uchungu kwa sababu linatuhusu sisi na walimu wetu tunaowapenda. Akikaa kitini, pipi. Akitamka "maji", biskuti. Akikubali kukatwa kucha, soda. Tumefanya utamu kuwa lugha ya kumwambia mtoto umefanya vema, naye ameielewa vizuri mno.

Kwa hiyo anayetuambia kwamba watoto hawa ni walafi, au kwamba sisi ni wazembe, tunamwomba ahesabu kwanza mizigo iliyorundikwa juu ya mtoto mmoja. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Marekani mwaka 2003 na 2004, watoto wenye usonji waliokuwa na unene uliopitiliza, ule wanaouita kiribatumbo, walikuwa asilimia 30.4, na wasio na usonji asilimia 23.6. Wachambuzi waliounganisha tafiti nyingi mwaka 2019 walikuta hatari hiyo kwa watoto wenye usonji imezidi kwa kama asilimia 41. Tofauti hiyo haiwezi kuwa tabia mbaya ya mama wa Ngamiani.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Pengine utauliza kwa nini tunahangaika na kilo wakati wapo ambao hata kuongea bado. Tunahangaika kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto mwingine akianza ugonjwa wa sukari kwa sababu ya unene atasema ana kiu, atasema kichwa kinauma, atasema macho hayaoni vizuri. Wa kwetu atapiga yowe na kujing'ata, na sisi tutadhani ni usonji wake tu. Akikoroma na kukatika pumzi usingizini, asubuhi tutaona hasira bila kujua chanzo. Magoti yakimuuma atakataa kutembea, tutasema mbishi. Mtoto asiyeweza kujisemea, mizani na kipimo cha damu ndivyo vinavyomsemea.

Na lipo la aibu kidogo, ila tulikubaliana tuliseme. Watoto wanakua. Mtoto wa kilo 30 akilala katikati ya barabara kwa hofu, mama anambeba. Huyo huyo akifika kilo 80, mama anasimama pale analia, watu wanapiga picha, na daladala haziwachukui tena. Wapo wazazi kati yetu ambao wameacha kutoka na watoto wao kwa sababu hiyo tu, na kila wanavyozidi kuwafungia ndani ndivyo uzito unavyozidi.

Hatukukaa kusubiri. Mwaka huu tumejaribu mawili, na yote mawili yametupa moyo.

La kwanza ni chakula, kwa hatua ndogo kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Sikumnyang'anya mwanangu chipsi zake. Nilianza kuzikaanga mwenyewe, zenye umbo lile lile, ndani ya karatasi ile ile. Wiki tatu. Kisha nikachanganya vipande viwili vya viazi vitamu, akavitoa. Nikarudia kila siku bila kumlazimisha, mpaka siku moja akanusa, akalamba, akarudisha. Mwezi mwingine akala kimoja. Sasa anakula viazi vitamu vya kuchemsha, vikikatwa kama chipsi, na soda tumekuwa tukiipunguza kwa kuongeza maji kijiko kimoja kimoja. Imenichukua muhula mzima na zaidi. Anayetaka matokeo ya wiki moja atakata tamaa, na mtoto atakataa hata kile alichokuwa anakula.

La pili ni mwendo. Tuliona mchezo wa kundi hauwafai wengi wao, lakini kitu cha kurudiarudia kinawafaa sana. Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli ni mguu kwa mguu, duru kwa duru, hakuna wa kukusukuma. Baba mmoja fundi alituunganishia moja ya magurudumu matatu, na sasa watoto wanapanga foleni, jambo ambalo hawajawahi kulifanya kwa kitu kingine. Jumamosi mbili kwa mwezi tunakodi bajaji kwenda Raskazone kuogelea. Maji yanawabana mwili mzima kwa utulivu na yanawapendeza, na kwa watoto wanaopenda kutoroka kuelekea majini, kujua kuogelea ni uhai wenyewe. Tunakwenda maji yakiwa yamejaa, mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, na bado tunaogopa.

Sasa maombi yetu, Ndugu Mgeni Rasmi. Kubwa kuliko yote ni mizani. Kadi ya kliniki inaisha mtoto akifika miaka mitano, na baada ya hapo hakuna anayempima mpaka augue. Tunaomba mizani na kipimo cha urefu kibaki hapa kitengoni, na daftari la kila mtoto, apimwe kila mwezi na mwalimu au mzazi wa zamu. Tunaomba pia utuandikie maelekezo kwa vituo vya jiji: mtoto anayeanzishiwa dawa ya aina ya risperidoni apimwe uzito, kiuno na sukari siku hiyo hiyo, na mzazi aambiwe habari ya njaa kwa Kiswahili chepesi kabla hajaondoka kwenye dirisha la dawa. Uzito ukipanda kwa kasi, daktari aangalie kipimo cha dawa au njia nyingine pamoja nasi, asituambie tu "mpunguze kula".

Tunaomba afisa lishe aje mara moja kwa muhula, aje tayari kukaa chini na mtoto anayekula vitu vitatu. Bango la makundi ya vyakula tunalo ukutani. Baiskeli mbili nyingine za magurudumu matatu na mwalimu wa kuogelea, hata wa kujitolea, tunaziacha mikononi mwako na kwa wadau waliofika. Kuhusu kashata na barafu za rangi pale getini, tumeshaongea na akina mama wenyewe. Ni wenzetu wanaotafuta riziki, nao wamekubali kuleta ndizi na karanga siku za majaribio.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya risala hii wanetu watazunguka uwanja na baiskeli mara tatu. Mwanangu ni wa pili, mwenye fulana ya kijani. Ameichagua mwenyewe na ameivaa tangu jana. Tunakuomba wewe na wageni wote msipige makofi wakipita. Inueni mikono yote miwili na kuipungapunga hewani, hivi. Wataona.

Naomba kuwasilisha.