Barua kwa mwanangu: usipite relini gizani

Tabora, Jumapili

Mwanangu Mwajuma,

Salamu zako zimefika, na hela ya bati pia. Mama yako kafurahi kwamba chumba cha Threlkeld, hicho kijiji cha huko Uingereza, ni nafuu kuliko vya Keswick mjini. Mimi sijafurahi. Unasema utakwenda kazini Keswick kwa miguu, kilomita kama tano, juu ya tuta la reli ya zamani, alfajiri. Mama, alfajiri ya huko mwezi wa kumi na mbili ni usiku.

Nikamtuma mdogo wako anitafutie habari za hiyo reli kwenye simu. Stesheni unayopita kuingia hotelini ilianza kupokea abiria Januari 1865. Reli yenyewe, kutoka Penrith hadi Cockermouth, hawakuiwekea watalii wanaokuja kutazama ziwa hili na lile. Ilikuwa ya kupeleka makaa ya koki ya Durham kwenye viwanda vya chuma vya pwani ya magharibi; watalii walidandia tu. Mhandisi alikuwa Thomas Bouch, huyo huyo ambaye daraja lake la Tay, kule Uskoti, lilianguka 1879 na treni juu yake. Na wewe unataka kuvuka madaraja yake gizani.

Haya, ya mto Greta yalidumu, nakubali. Yalidumu hata baada ya treni zenyewe: upande wa Cockermouth zilikoma 1966, Keswick Machi 1972. Lakini dhoruba ya Desemba 2015 ilibeba mawili. Wamejenga mengine, na njia wakaifungua tena 2020, pamoja na handaki ambalo lilikuwa limefukiwa tangu ilipojengwa barabara ya A66. Hilo handaki ndilo sitaki ulipite peke yako. Lina taa? Hukusema.

Utajibu kwamba baba aliyekuacha stesheni hadi saa nne usiku leo anaogopa giza. Nilikuwa zamu. Zamu iliisha saa mbili, na hilo unalijua.

Cheti chako nimekitundika sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa. Mtu aliyesoma uhasibu kutandika vitanda, hilo silisemi. Ila viatu usinunue vya bei rahisi. Na ukilazimika kupita, tafuta mwenzako wa zamu moja, mwende wawili.

Bati tumenunua kumi na mbili. Fundi amepaua upande wa jikoni, akaondoka na nyundo yangu. Upande wa chumba chako bado. Mguu wa mama yako unapungua uvimbe, ingawa chumvi haachi.

Basi la kwanza kutoka Threlkeld ni saa ngapi? Niandikie saa yenyewe, usiniambie "lipo". Asali ya mjomba wako nimekuwekea, dumu la lita tano. Nani anakuja huko karibuni tumpe?

Baba yako